Mafua sugu: Tupeleke dawa pale ulipo ugonjwa

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Katika safu yetu leo napenda tuzungumzie maradhi ambayo wengi wetu tunayo, wachache wanayajua kwa jina, na wengi zaidi wanayatibu kwa njia isiyokuwa yake. Ni uvimbe sugu wa sainasi, ambao mtaani tunauita mafua yasiyokwisha. Rai yangu naitoa mapema ili tusipotezane njiani: maradhi haya hayataki sindano wala kozi ya antibiotiki kila mwezi. Yanataka maji ya chumvi na dawa ya kupuliza puani, kila siku, kwa subira, na mwezi wa Ramadhani ukiwamo.

Ustadh aliyepoteza ghunna

Mwezi wa Rajabu mwaka 1444, yaani Februari 2023, alinijia ustadh mmoja anayesomesha tajwidi. Malalamiko yake hayakuwa maumivu. Alisema, "Tabibu, wanafunzi wangu hawasikii ghunna yangu." Mliopita madrasa mnaelewa uzito wa maneno hayo. Sauti ya ghunna katika mim na nun makhraji yake ni khayshumu, pango la pua. Pua ikiziba, mwalimu anabaki kueleza kwa maneno jambo ambalo alitakiwa kulisikilizisha. Tena alikuwa na zaidi ya mwaka hasikii harufu ya udi wala ya mchuzi unaoungua jikoni.

Nikafungua daftari lake. Ndani ya miezi 14 alikuwa ameandikiwa kozi 6 za antibiotiki. Mbili kati ya hizo zilikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku ile sikuwa na wa kumlaumu.

Nikamwanzishia maji ya chumvi na dawa ya kupuliza. Ilipofika wiki ya sita akaniambia amesikia harufu ya karafuu. Kisha ikaingia Ramadhani, akaacha kila kitu, maana msikitini kwake aliambiwa kuwa dawa ya puani inafunguza. Mimi nami sikuwa nimemwambia lolote kuhusu swaumu. Kufika kumi la mwisho, pua ilikuwa imerudi kule kule, na tarawehe akaachiwa mtu mwingine kuswalisha. Tutarudi kwake huko mbele.

Sainasi ni nini?

Allah (s.w.) ameumba ndani ya mifupa ya uso wetu vyumba vidogo vya hewa: kwenye mashavu, kwenye paji la uso, katikati ya macho na nyuma yake. Ni jozi 4. Vyumba hivi vimetandikwa utando laini wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo hufagia ute kuutoa nje kupitia vijitundu vyembamba vinavyofunguka ndani ya pua. Utando huo ukivimba, vijitundu huziba, ute hutuama, na mtu huanza kutaabika.

Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi na mara nyingi humalizika ndani ya siku 10. Hayo hayahitaji antibiotiki. Uvimbe sugu ni jambo jingine. Wataalamu wa Ulaya katika mwongozo wao wa mwaka 2020 uitwao EPOS wanautambua kwa dalili zinazodumu wiki 12 au zaidi: pua kuziba au kutoa ute mzito, ukiwamo ule unaoteremkia kooni, pamoja na uso kuuma au kuwa mzito, au kupungukiwa na uwezo wa kunusa. Zingatia kwamba pua lazima iwemo katika malalamiko. Mtu anayeumwa kichwa upande mmoja, pua yake iko wazi na haina ute, mara nyingi ana kipandauso. Huyo akitibiwa sainasi atazunguka bure.

Kinachotawala katika ugonjwa huu sugu ni uvimbe wa utando, si wingi wa vijidudu. Unaweza kusababishwa na aleji, vumbi, moshi, vinyama vya puani, au jino bovu la juu ambalo mzizi wake umepakana na sainasi ya shavu. Hapo ndipo penye ufunguo wa mada yetu. Antibiotiki huua bakteria, haishushi uvimbe wa namna hii. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, kisha hurudi, naye tabibu hubadilisha rangi ya vidonge. Matokeo yake ni tumbo kuharibika, pesa kupotea, na bakteria kujenga usugu, hata siku tutakapoihitaji dawa ile kwa homa ya mapafu ya mtoto tuikute haifanyi kazi.

Njia zinazotupoteza

Ya kwanza nimeshaitaja. Ya pili ni matone ya kuzibua pua, kama efedrini, zailometazolini na oksimetazolini. Dawa hizi hufungua pua ndani ya dakika chache tu, na kwa sababu hiyo watu huzipenda. Lakini zikitumika kupita siku 5 hadi 7, pua huzizoea. Nguvu ya tone ikiisha, utando huvimba kuliko mwanzo, na mtu anaweka tena. Nimekutana na vijana wanaolala na kichupa chini ya mto kwa miaka. Huo si ugonjwa wa sainasi peke yake, ni ugonjwa ulioletwa na dawa.

Ya tatu ni kujifukiza. Miaka ya 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, nyungu zilifukizwa karibu kila nyumba. Mvuke huleta raha kwa muda, siukatai. Lakini utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, ukiwa na wagonjwa 871 wenye matatizo ya sainasi ya muda mrefu au ya kujirudia, ulionesha kuwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi kulisaidia, na kujifukiza hakukusaidia ila kupunguza maumivu ya kichwa. Na mnajua nyungu ikipinduka kwenye mapaja ya mtoto inafanya nini. Kijiti cha mentholi nacho ni hivyo hivyo: kinaipoza pua mpaka ukahisi hewa inapita, ilhali njia bado imeziba.

Ya nne naitaja kwa adabu. Wapo wanaodondoshea puani mafuta ya habbat sauda. Ubora wa habbat sauda umetajwa katika hadithi sahihi, nasi tunaamini. Lakini kutiririsha mafuta puani kila siku ni hatari, kwa kuwa mafuta huteleza na kuingia mapafuni, na mapafu hayana namna nyepesi ya kuyatoa. Mwenye kuipenda habbat sauda na aile.

Dawa ya puani si jambo geni kwetu

Baadhi ya wazee huona dawa ya kuvuta puani kama jambo la kizungu. La hasha. Imam Bukhari katika Kitabu cha Tiba ameweka mlango wa su'uti, yaani dawa inayotiwa puani, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliitumia. Na kila siku, katika udhu, tunapandisha maji puani na kuyapenga. Dini yetu ilitufundisha kuitunza pua kabla hatujajua kuwa ndani yake kuna vyumba.

Maana ya dawa ya aina hii ni kupelekwa pale pale penye ugonjwa. Mwenye kipele mguuni hupaka dawa mguuni. Kwa nini mwenye uvimbe puani aipitishe dawa tumboni, izunguke mwili mzima, ndipo chembe yake ifike puani?

Maji ya chumvi

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia chumvi laini ya mezani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Usitie magadi. Inama juu ya sinki au beseni, pumua kwa mdomo, kisha kwa chupa laini safi ya kubinya au bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza maji taratibu tundu moja yatokee jingine. Penga polepole. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Chombo kioshwe na kianikwe kikauke, kisitumiwe na watu wawili.

Kwa nini nasisitiza maji yaliyochemshwa? Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Huko Karachi, Pakistan, madaktari walieleza wagonjwa 13 wa maradhi hayo waliopatikana kati ya mwaka 2008 na 2009. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameogelea, na waliobaki ilidhaniwa waliyapata kwa maji ya udhu. Ni maradhi adimu sana, na maji hayo yakinywewa hayaambukizi. Kwa hiyo usiache kupandisha maji puani katika udhu. Lakini kamati za misikiti ziyasafishe matangi na kuyatia klorini, na anayesafisha sainasi kwa kina atumie maji yaliyochemshwa.

Dawa ya kupuliza

Hatua ya pili ni dawa yenyewe: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni au mometasoni. Ni jamii ya steroidi, na dawa za kupuliza puani za jamii hii zimetumika tangu miaka ya 1970. Kazi yake ni kushusha uvimbe wa utando.

Neno steroidi linawatisha watu, nao wana sababu, kwani wamewaona ndugu zao wakivimba uso kwa vidonge vilivyotumika muda mrefu bila usimamizi. Tutenganishe mambo. Mpulizo mmoja wa flutikasoni una maikrogramu 50, na kipimo cha kawaida cha mtu mzima cha kuanzia ni maikrogramu 200 kwa siku. Kidonge kimoja cha predinisoloni cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000. Ni kweli dawa hizi mbili hazilingani kwa nguvu, lakini jambo kubwa ni kwamba flutikasoni na mometasoni zikipulizwa puani, kiasi kinachoingia kwenye damu ni chini ya asilimia 2. Madhara yanayoonekana zaidi ni pua kukauka, kuwasha au kutoa damu kidogo. Mtoto anayetumia muda mrefu apimwe urefu wake mara kwa mara. Na anayetumia ARV zenye ritonavir asikubali flutikasoni wala budesonidi bila kumweleza tabibu wake, kwani zikikutana steroidi hulundikana mwilini. Hili si la kuonea haya. Hata sainasi zinazojirudia bila sababu ya wazi ni mojawapo ya sababu za kwenda kupima virusi vya Ukimwi.

Wengi husema "nilitumia haikunisaidia," na ukiwauliza walitumiaje, unaona dawa haikufika. Penga au safisha pua kwanza. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikitupe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, mdomo wa chupa ukielekea upande wa sikio, si ukuta wa katikati, kwa kuwa ukuta huo ndio unaotoa damu. Puliza huku ukivuta pumzi taratibu, kama mtu anayenusa ua. Hapa dawa na udhu vinaachana: katika udhu huvuta kwa nguvu, lakini dawa ukiivuta kwa nguvu inapitiliza kooni.

Kisha subiri. Dawa hii haifungui pua papo hapo kama yale matone. Inaanza kuonesha kazi baada ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na haifai kuihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12 za matumizi ya kila siku. Chupa nyingi za flutikasoni zina mipulizo 120, yaani mwezi mmoja kwa mtu mzima anayepuliza mara 2 kila tundu. Anayeona ghali apige hesabu ya kozi 6 za antibiotiki, nauli na siku alizokosa kazini.

Vinyama vya puani vikiwa vikubwa, dawa haiwezi kupenya na huenda upasuaji ukahitajika. Hata hivyo upasuaji hauondoi haja ya dawa. Unafungua milango ili dawa iingie, na mwenye kuacha dawa baada ya kupasuliwa mara nyingi vinyama vyake huota tena. Aliye na vinyama pamoja na pumu awe na tahadhari na aspirini, maana wapo ambao huwaletea shambulio la pumu.

Je, swaumu inaharibika?

Mimi si mufti, ni tabibu aliyepita madrasa. Nitaeleza walivyosema wenye elimu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (r.a.), ambayo wengi wetu katika pwani hii tunayafuata, kitu chenye mwili kikipita khayshumu kwa kukusudia hufunguza. Msingi unaojulikana ni hadithi ya Laqit bin Sabira (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) aliagiza kuzidisha kupandisha maji puani ila kwa aliyefunga. Kwa upande mwingine, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kuwa matone na dawa ya kupuliza puani havifunguzi, maadamu mtu anajizuia kumeza kinachofika kooni.

Kwa hiyo ipo khitilafu, na kila mtu amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini ninachotaka kusema kama tabibu ni hiki: katika maradhi haya, hatuna haja ya kugombana. Dawa hizi hutumika mara moja, au mara mbili, kwa saa 24. Usiku wa kwetu una takriban saa 11 kati ya Magharibi na Alfajiri. Wa mara moja apulize baada ya futari. Wa mara mbili apulize baada ya futari na tena kabla ya daku kuisha. Maji ya chumvi nayo yafanywe usiku. Mgonjwa hapungukiwi kipimo chake, na swaumu yake haiguswi kwa kauli yoyote.

Kumbe aliyempotezea ustadh wetu Ramadhani ile si fiqhi. Ni sisi wawili: tabibu asiyeuliza kuhusu swaumu, na mwenye kujibu suala la dawa bila kuuliza dawa hiyo inatumika saa ngapi. Nawaomba maimamu wetu, muumini akija na swali hili mwezi wa Shaabani, kabla ya kumwambia "inafunguza" au "haifunguzi", mwambieni kwanza arudi kwa tabibu apangiwe saa za usiku. Na nyie matabibu wenzangu, msimwandikie Mwislamu dawa ya miezi mitatu bila kuangalia kalenda.

Misikiti na majumba yetu

Dawa peke yake haitoshi ikiwa kinachochokoza pua bado kipo. Mazulia ya misikiti mingi hufagiwa tu, hayafuliwi, na vumbi na utitiri vimejaa ndani. Pua ya mwenye kusujudu mara tano kwa siku iko hapo hapo. Yatolewe juani na yafuliwe. Udi na ubani ni mapambo yetu, lakini moshi ni moshi, na mwenye sainasi asikae karibu na chetezo. Jiko la mkaa na kuni lipikiwe penye hewa. Ugoro na sigara sina la kuzitetea.

Usichelewe hospitali

Kimbia hospitali ukiona jicho limevimba, unaona vitu viwili viwili, homa kali na shingo kukakamaa, au kichwa kinachouma kuliko ulivyozoea. Pua inayotoa damu au harufu mbaya upande mmoja tu ichunguzwe na daktari wa pua, masikio na koo. Kwa mtoto mdogo, harufu ya upande mmoja mara nyingi ni punje ya harage au shanga aliyojitia mwenyewe.

Mwisho

Ustadh wetu alirudi baada ya Idi. Tulianza upya, safari hii tukiwa na kalenda mezani. Ramadhani ya mwaka 2024 alipuliza dawa yake kila usiku baada ya futari, akaswalisha tarawehe mwezi mzima hadi khitma. Nilikuwa safu ya tatu. Ghunna niliisikia.

Tumefundishwa kuwa Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, na tumeamrishwa tuitafute. Kuitafuta ni pamoja na kujua wapi pa kuiweka, kwa kiasi gani na saa ngapi. Mwenye mafua ya miezi mitatu, acha kuomba sindano. Muulize tabibu wako kuhusu dawa ya kupuliza, na ukipewa, idumishe.

Wabillahi tawfiq.